Unataka kupiga muvi ya mji wa migodi enzi za mkoloni na uko Mtwara au Lindi? Anzia hapa

Huku kusini vikundi vya maigizo tunavyo vingi tu, Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea, Lindi, na haupiti muda mrefu utasikia kuna mtu ana wazo la muvi ya mkoloni. Ukipewa skripti uisome ni ile ile, mzungu kavaa kofia ngumu, kiboko, mtu analia, bunduki, kaburi, imeisha. Mambo hayo yalitokea kweli, sikatai, ila mji wa machimbo ni kitu kingine kabisa. Mji wa machimbo ni hesabu, nani anamdai nani, siku ngapi zimehesabiwa na ngapi zimekataliwa, unga wa nani umepungua, kodi italipwa na nini. Ukiikamata hiyo hesabu muvi yako inasimama hata kama una kamera moja ya kuazima na ekstra kumi na tano.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja chagua mwaka. Usiseme "enzi za ukoloni", hiyo ni miaka zaidi ya sabini na watu hawakuvaa wala kulipwa wala kuogopa vitu vilevile muda wote huo. Sema 1911, au sema 1934, afu huo mwaka ndo uwe bosi wa muvi, ukibishana na mtu wa mavazi au wa lokesheni mnaurudia mwaka.

Kwa upande wangu naona njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ya Mjerumani. Dhahabu ya Sekenke, kule upande wa Singida, ilianza kuchimbwa kipindi hicho, na vita ilipowabana Wajerumani 1916 wakaichukua ile dhahabu wakapiga sarafu ya rupia 15 pale Tabora, kwenye karakana ya reli, ina picha ya tembo. Hiyo peke yake ni stori, dhahabu imetolewa ardhini na watu wasiojua inaenda wapi, inageuzwa hela ya kulipia vita. Ila ni ngumu kuipiga maana itabidi uwe na askari wengi, na mavazi ya vita yanakula bajeti yote.

Ya pili ni ya nyumbani kabisa, Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Najua utasema ule sio mgodi, ni mifupa ya dinosaria. Sawa, ila angalia ilivyoanza: 1906 mhandisi wa kampuni ya kutafuta madini ya Lindi, Bernhard Sattler, ndo alikuta yale mamifupa, na kuanzia 1909 mpaka 1913 watu wa makumbusho ya Berlin wakachimba, kuna wakati vibarua walifika kama 500. Kuna mitaro, kuna kambi, kuna msimamizi mkuu Boheti bin Amrani ambaye mpaka leo anatajwa kwenye vitabu, kuna wapagazi wanabeba mizigo kichwani mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mnyama mmoja waliyemuunganisha kule Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Na haya yote yanafanyika miaka michache tu baada ya Maji Maji, watu wametoka kwenye njaa na kuchomewa mashamba afu wanaambiwa wachimbe mifupa wanalipwa. Hebu fikiria maongezi ya jioni kwenye hiyo kambi.

Ya tatu ndo nawashauri wengi wenu, machimbo ya Lupa, Chunya, miaka ya 30. Dhahabu ilionekana Lupa 1922 lakini kilichoipandisha ni mambo ya dunia. 1929 uchumi wa dunia ukaanguka, bei ya mazao ikaanguka nayo, halafu 1931 Uingereza ikaiachanisha pauni na dhahabu, 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 kwenda dola 35. Yaani mkulima mazao yake hayana bei, dhahabu inapanda, na kodi iko palepale inamsubiri. Hapo huhitaji mzungu mbaya wa kumsukuma mtu machimboni, hesabu inamsukuma yenyewe. Vibarua wengi wa Lupa walitoka karibu, Wanyakyusa na wenzao wa kule juu, kwahiyo kama unataka mhusika wako awe Mmwera au Mmakonde mfanye mmoja, mgeni kati ya wenyeji, na utapata utani wa bure humo ndani.

Faida nyingine ya Lupa ambayo watu hawaifikirii, sehemu kubwa ya dhahabu yake ilikuwa ya mchangani, kwenye vijito na mabonde. Huhitaji shimo la mita mia. Unahitaji mto uliokauka, mitaro, karai, ndoo za debe, mbao za kupitishia maji, na watu wameinama. Mto Lukuledi kiangazi sehemu nyingi unakuwa mchanga mtupu, nenda kautembelee upande wa Masasi na Ndanda uone mwenyewe, kamera itakushukuru.

Tumefika kwenye lokesheni na hapa ndo muvi nyingi za huku zinafia. Kila mtu anakimbilia Mikindani. Mikindani pazuri sana, nyumba za mawe, vibaraza, boma la Mjerumani la 1895 ambalo sasa ni hoteli, ila ni mji wa pwani na unaonekana wa pwani. Machimbo ya bara huwezi kuyaweka chini ya minazi na paa za makuti, mtu aliyewahi kufika Chunya atacheka. Mikindani itumie kwa sini za ofisi, ndani, dirisha limefunguliwa kidogo, karani na wakala wa kuandikisha vibarua, au sini ya mtu anaondoka pwani. Mji wenyewe wa machimbo panda nao juu, Masasi kwenye milima ya mawe, Nachingwea, vijiji ambavyo bado vina nyumba za miti na udongo zimeezekwa nyasi. Nyasi, sio makuti, naomba hilo likae kichwani.

Halafu mikorosho. Mikorosho ilikuwepo tangu Wareno, ila haya mashamba yaliyopangwa mistari unayoyaona kila kona ni mambo ya baadaye, korosho ilishika kasi baada ya vita vya pili. Ukiweka kamera popote huku mikorosho inaingia yenyewe nyuma ya mhusika. Zungusha kamera, shusha chini, au mpange mtu na mzigo wake mbele. Vivyo hivyo nguzo za umeme, minara ya simu, sola juu ya paa, na bati za msauzi za rangi rangi. Bati la zamani la kijivu lenye kutu halina shida, enzi zile lilikuwepo, tafuta duka moja lenye bati bovu ulifanye duka la machimboni.

Kama lazima uwe na shimo, nakuomba usiingize waigizaji kwenye duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo. Najua Ruangwa yapo na kuna jamaa atakwambia twende mi nawajua, lakini duara linahitaji matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, yaliyofungwa vizuri na mtu anayejua kusoma udongo, na hewa mle ndani sio ya kuchezea. Mdomo wa shimo upige nje, chimba urefu wa kiuno tu, weka magogo juu na kamba na ndoo, mtu akishuka anachuchumaa basi. Ndani ya shimo pajenge ghalani. Miezi ambayo hakuna korosho maghala mengi yanakuwa wazi, ongea na wenye nayo. Chukua magunia ya katani, yale yale ya korosho, yashone kwenye wavu wa kuku uliokunjwa kunjwa, pakaa udongo mwekundu uliochanganywa na simenti kidogo, acha ukauke siku mbili upasuke pasuke. Nyuma funga nailoni nyeusi. Ukimulika kwa taa moja tu ya pembeni, ya rangi ya moto, kama vile karabai, hakuna atakayejua uko ghalani. Ukiwasha taa mbili tayari linaonekana gunia.

Sasa ile sini ambayo kwangu ndo moyo wa muvi yoyote ya machimbo, siku ya malipo. Kibarua enzi za Mwingereza alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na siku 30 maana yake siku 30 za kazi zilizokubaliwa, sio siku za kalenda. Ukiumwa haipigwi alama. Ukichelewa, nyapara akisema hujamaliza, haipigwi. Mtu anaweza kukaa wiki sita kupata siku thelathini. Unaona ukatili wa kimyakimya uliopo hapo? Wakati wa Mjerumani ungeweka hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kila mtu angeelewa, ila kwa mwaka 1934 kalamu ya karani inatisha kuliko kiboko.

Ipige hivi. Meza moja, daftari, kidau cha wino, karani amekaa, nyapara amesimama nyuma yake. Kamera iwe usawa wa meza, sio usawa wa sura. Tunaona mkono unaweka kipande mezani, kimechakaa, kina jasho. Karani anahesabu kwa kalamu bila kusema. Anarudi nyuma nafasi mbili. Anahesabu tena. Mkono wa kibarua unasogea kidogo unaonyesha nafasi moja kwa kidole, karani anaupuuza. Hela ya blanketi inakatwa. Deni la duka linakatwa. Shilingi zinawekwa moja moja, kila moja isikike ikigonga mbao. Dole gumba linachovya wino linagandamiza. Na hatua tatu pembeni kuna meza nyingine, ya kodi. Usiongeze muziki wowote hapo, na usimwambie muigizaji alie, macho ya mtu anayepiga hesabu yanatosha.

Hela zenyewe sio tatizo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, ina simba, na senti kumi na senti tano zilikuwa na tundu katikati. Nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua washa za ukubwa unaolingana, zipake rangi ya shaba, zichafue na masizi na mafuta, kwenye kamera ya mbali zinapita kabisa. Kwa ile picha ya karibu tafuta mzee mwenye sarafu halisi, wapo wengi wamezifungia kwenye vikopo, azima mbili tatu na urudishe. Ukichagua kipindi cha Mjerumani basi ni rupia na heller (ile sarafu ndogo ya Mjerumani), heller 100 kwa rupia moja kuanzia 1904, usije ukachanganya shilingi na rupia kwenye meza moja.

Mavazi. Merikani nyeupe iliyochakaa, kaniki, msuli, kanzu kwa karani na watu wa heshima, kofia ya mkono. Vitenge vya maua makubwa weka pembeni, kandambili weka pembeni kabisa, watu wengi peku au ndala za ngozi. Nguo mpya uichemshe na majani ya chai, uisugue kwenye mawe, uianike juani wiki, afu muigizaji alale nayo. Kwa vyombo tafuta debe, karai la bati, vikombe vya bati, chungu, kibatari, taa ya chemli, sururu, kibaba cha kupimia posho. Ndoo ya plastiki moja tu nyuma kabisa ya picha na watu wa kwenye kibanda umiza watapiga kelele "ndoo hiyoo!", nawajua. Askari wavae kaki ya kawaida isiyo na mabaka, kaptula, tarbushi, miguu imefungwa bandeji. Msijaribu hata kidogo kitu kinachofanana na sare za jeshi la sasa, mtachukuliwa na muvi itaishia kituoni. Bunduki za mbao, na polisi wa eneo wajue siku na saa.

Kama una wanawake kwenye skripti, na uwe nao, machimboni walikuwepo wakipika, wakiuza pombe, wengine wakiwafuata waume. Ukitaka bibi wa Kimakonde mwenye chale na ndonya ya mdomoni fanya kazi na wamama wenyewe wa Newala au Tandahimba wakuelekeze, isiwe mapambo ya kuchekesha.

Lugha nayo. Mwaka 1934 hakuna mtu anasema changamoto, hakuna poa, hakuna "bosi usijali". Waache wazungumze Kiswahili cha wazee, kizito kidogo, bwana mkubwa, nyapara, posho, na wakiwa wao kwa wao waongee Kiyao, Kimwera, Kimakonde, weka maandishi chini. Mzungu aongee Kiswahili chake kibovu cha kuamrisha, "wewe kuja hapa", "mimi nataka upesi". Kaa na wazee kabla ya kuandika maongezi. Lindi ilikuwa na mashamba ya mkonge na familia nyingi zina babu aliyewahi kuwa manamba, maisha ya kambi yanafanana sana na ya machimboni, mstari wa posho, nyapara, deni, nyimbo za kazini. Mwamkie shikamoo, kaa chini, usiwashe rekodi mpaka akuruhusu, na ukimuuliza swali usimkatize hata akienda kwenye habari za mbuzi wake, huko kwenye mbuzi ndo atatokea na jambo.

Burudani ya Jumapili usiweke sindimba ya jukwaani ya siku hizi. Miaka ile kulikuwa na beni, ngoma ya vyama, Marini na Arinoti, watu wamejipa vyeo vya kijeshi, wanatembea kwa gwaride na matarumbeta na ngoma, wanashindana kwa mavazi. Kibarua anayedhalilishwa wiki nzima Jumapili anaitwa Jenerali. Na vyama vya namna hiyo mkoloni aliviogopa, kwenye mgomo wa migodi ya shaba kule Zambia ya leo mwaka 1935, uliotokana na kodi kupandishwa na ambao watu sita waliuawa Luanshya, serikali iliwanyooshea kidole watu wa mbeni, ndo beni hiyo hiyo. Kwahiyo ukitaka sini ya watu kupanga jambo, ipange humo kwenye mazoezi ya ngoma.

Mzungu mtampata wapi, hilo swali huwa linakuja kwanza ila mi naliweka huku mwisho makusudi. Mnamhitaji kidogo sana. Kibarua wa kawaida maisha yake ya kila siku yalikuwa na nyapara, karani, mwenye duka. Bwana mkubwa muonyeshe buti, mgongo, moshi wa kiko, sauti kutoka chumba cha pili. Na wazungu wachimbaji wa Lupa wengi hawakuwa matajiri, kwahiyo suti nyeupe sahau, shati limechanika kwenye kiwiko, naye pia anadaiwa. Kama kuna mgeni Mikindani yuko tayari kuigiza, ulizeni uhamiaji kwanza kuhusu kibali chake. Kumpaka mtu wetu unga usoni hapana jamani, hapana.

Muda wa kupiga: mvua zetu ni kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi, achana nazo. Juni na Julai hali ya hewa nzuri lakini ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani kila shamba lina pampu inanguruma, saa zako zote za mwanga mzuri wa asubuhi sauti inaharibika. Oktoba kwenda mbele korosho inaokotwa na ikishaanza minada humpati ekstra, na ukimpata bei yake imepanda, huwezi kumlaumu. Kwahiyo mwisho wa Agosti mpaka Septemba, majani makavu, mito mikavu, vumbi lipo, watu wapo. Muelewane malipo ya ekstra kabla ya siku yenyewe, mbele ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, na chakula kiwepo saa saba kamili. Itakuwa aibu muvi ya watu waliodhulumiwa posho ipigwe na watu wenye njaa.

Vibali msikwepe. Muvi inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, ipo chini ya sheria ya 1976, na pa kuanzia ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, mpelekee skripti na orodha ya maeneo mapema. Majengo ya kale yana idara yake, msigongelee msumari wala kupaka rangi ukuta wa zamani bila ruhusa hata kama mwenyeji kakwambia poa tu. Droni ina vibali vyake peke yake na kusema kweli kwa muvi hii huihitaji, ukipaa juu utaona bati za msauzi za kijiji kizima.

Kuhusu picha nina moja tu, msiigeuze kahawia. Kila muvi ya zamani lazima iwe rangi ya chai, kwanini? Udongo wa huku ni mwekundu, anga ya Septemba ina moshi wa moto wa nyika, rangi ipo tayari. Punguza kijani kidogo kwenye editi ufiche majani mabichi, basi. Picha ziwe za karibu, mikono, migongo, miguu kwenye mchanga, maana kila hatua unayorudisha kamera nyuma inaongeza vitu vya kuficha. Sauti rekodi upya kimya usiku, sururu kwenye jiwe, mchanga kwenye karai, maji yakimwagwa, ujaze baadaye, maana mchana bodaboda haiwezi kukosekana.

Mkishaunganisha dakika kumi za kwanza, msizitupe YouTube. Wapelekeeni wale wazee mliowahoji, na jioni nyingine ombeni nafasi kabla ya mechi kwenye kibanda umiza kimojawapo, mkae nyuma na daftari muandike kila sehemu watu wanapocheka pasipochekesha, hizo ndo sini za kurudia wakati mavazi bado mnayo.